Hewa Katika Mashimo ya Makaa ya Mawe

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za kitu kisichoonekana kwa macho, kisicho na rangi wala harufu, nacho kimeua watu maelfu kwa maelfu katika nchi nyingi za dunia. Kitu hicho ni gesi iliyofungwa katika makaa ya mawe. Twataka kuonyesha jinsi watu walivyojifunza kuifukuza kwa hewa safi, na jinsi walivyolipa kwa maisha yao kila somo walilolipata.

Twawaandikia hasa ninyi mlio Chitete na vijiji vingine vya nchi ya Songwe, kwa kuwa makaa hayo ni jirani yenu. Kati ya mto Songwe na mto Kiwira, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, yako matabaka ya makaa ya mawe yaliyolala chini ya vilima. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mjuzi wa miamba, alitembea katika nchi hii tangu mwaka 1895 hata 1897 akiichunguza. Lakini miaka mingi ilipita kabla ya kuchimbwa mgodi mkubwa. Mwaka 1988 mgodi wa Kiwira ulifunguliwa kwa msaada wa Uchina, na karibu nao ukajengwa mtambo wa umeme wenye nguvu ya megawati 6. Humo watu waliingia chini ya kilima, wakachimba makaa kwa namna ya vyumba, wakiacha nguzo za makaa zisimame ili kushikilia dari. Baadaye kazi ya chini ilisimama, na katika kilima cha Kabulo makaa yakachimbwa kwa kufukua ardhi kutoka juu. Mchimbaji aliye chini ya jua hana shida ya hewa. Yeye aliye chini ya kilima hana budi kuletewa hewa kama anavyoletewa chakula.

Yafaa tujue kwanza gesi hii yatoka wapi. Zamani sana, kabla ya kuwako binadamu, pale penye makaa leo palikuwa na mabwawa yenye majani na miti. Mimea ikaanguka majini, ikafunikwa na matope na mchanga, ikakandamizwa miaka mamilioni mengi hata ikageuka makaa. Katika kugeuka huko ilitoka gesi, na sehemu yake ikabaki imefungwa ndani ya makaa. Gesi hii huitwa methani. Mtu akichokoza matope ya bwawa kwa fimbo, ataona mapovu yakipanda juu. Mara nyingi ndani yake mna gesi iyo hiyo. Mwaka 1776 mtaalamu Alessandro Volta wa Italia aliyakusanya mapovu ya namna hiyo katika Ziwa Maggiore, akaona ya kuwa yawaka moto.

Mchimbaji akipiga sururu katika makaa, ni kama afunguaye mlango. Gesi hutoka polepole, au pengine kwa ghafula, ikaenea njiani. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kujificha chini ya dari. Katika sehemu 100 za hewa, ikiwa gesi haijafika sehemu 5, mchanganyiko huo haulipuki. Ikizidi sehemu 15, haulipuki vilevile, maana hewa safi imepungua mno. Bali kati ya 5 na 15 cheche moja yatosha, na nguvu kuu kuliko zote ni pale gesi inapokaribia sehemu 9 na nusu. Basi kazi yote ya kuingiza hewa mgodini ni hii: kuipunguza gesi kwa hewa nyingi, hata iwe chini sana ya zile sehemu 5, na kuitoa nje isipate mahali pa kukaa.

Je, hewa huendeshwaje chini ya ardhi? Tuangalie moto wa jikoni. Moto ukiwashwa, hewa iliyo juu yake hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda na moshi kutoka kwa upenyo wa paa; na hewa ya baridi huingia kwa mlango kushika nafasi yake. Zibeni mlango na upenyo, moshi utawatoa machozi na moto utafifia.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili shuleni mbele ya mwalimu wao. Simamisheni mshumaa mfupi katika sahani yenye maji kidogo, mkauwashe, mkaufunike kwa kioo kirefu cha taa kilicho wazi juu, hata kioo kiguse maji. Baada ya kitambo kidogo mwali utalegea na kuzimika, ijapokuwa juu pako wazi, kwa kuwa hewa mbaya inayopanda na hewa njema inayotaka kushuka zazuiana katika mlango mmoja. Washeni tena, kisha shusheni kipande cha karatasi ngumu katikati ya mdomo wa kioo ili kuugawa sehemu mbili. Sasa mwali utaishi, na mkileta kitambaa kinachofuka moshi, mtaona moshi ukishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Hilo ndilo neno tunalotaka mlikumbuke hata mwisho wa mazungumzo haya: hewa haina budi kupewa njia mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka.

Wachimbaji wa Uingereza walilijua jambo hili mapema. Walichimba shimo la kushusha hewa na shimo la kuipandisha, na chini ya shimo la kupandisha wakawasha tanuru kubwa, ili joto livute hewa mbaya juu kama moto wa jikoni uvutavyo moshi. Ilikuwa hila njema, lakini ilikuwa na mwiba wake, kwa maana hewa iliyobeba gesi ilipita karibu na moto. Katika migodi mingine iliwabidi kuchimba njia ya pembeni ili hewa ya hatari iingie shimoni juu ya tanuru pasipo kugusa ndimi za moto.

Taabu ya pili ilikuwa mwanga. Mchimbaji haoni gizani, na mshumaa wake ndio uliowasha gesi. Katika mji wa Whitehaven alikuwako msimamizi aitwaye Carlisle Spedding, aliyebuni gurudumu la chuma lililosuguliwa kwa jiwe la kiberiti ili kutoa cheche za kumulika. Watu walidhani cheche hizo haziwashi gesi. Mwaka 1755 Spedding mwenyewe aliuawa na mlipuko mgodini. Mwanawe James aliendelea na kazi ya hewa, akaweka milango na kuta ili hewa izungushwe katika njia zote za mgodi, isipite mkato kutoka shimo hata shimo. Lakini hewa iliyozunguka mwendo mrefu namna hiyo ilifika mwisho imechoka, nayo imejaa gesi ya mahali pote ilipopita. Yapata mwaka 1810, John Buddle wa mgodi wa Wallsend akaona afadhali kuigawa hewa katika mikondo kadhaa, kila upande wa mgodi upate hewa yake mpya, kama mkulima agawaye maji ya mfereji ili shamba la mwisho lisipate matope tu.

Hapa twapenda wanafunzi wasikilize kwa makini. Milango ile iliyoongoza hewa ilihitaji mtu wa kuifungua mikokoteni inapopita na kuifunga mara moja. Kazi hiyo walipewa watoto. Mtoto wa miaka saba au minane, na pengine mdogo zaidi, alikaa peke yake gizani mchana kutwa, ameshika kamba ya mlango. Akisinzia mlango ukabaki wazi, hewa iligeuza njia, gesi ikakusanyika mahali pengine, na watu wazima wakawa hatarini. Uhai wa mgodi mzima uliwekwa juu ya mabega ya mtoto asiyejua kusoma. Mwaka 1842, baada ya uchunguzi wa serikali kutangazwa na watu kuona aibu, ilitolewa sheria iliyowakataza wanawake wote, na wavulana walio chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi.

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling, ulio kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka, wakafa watu 92, na wengi wao walikuwa vijana na watoto. Mchungaji wa mahali hapo, John Hodgson, aliwazika watu wake, kisha hakunyamaza. Aliandika habari za msiba huo zikachapishwa, ijapokuwa wenye migodi hawakupenda mambo yao yasemwe hadharani. Watu wakakusanyika kutafuta dawa ya jambo hili, na mwaka 1815 wakamwendea mtaalamu Humphry Davy.

Davy aligundua ya kuwa mwali ukizungushiwa wavu wa waya wenye matundu madogo sana, waya hunyang'anya joto, na moto haupenyi kwenda nje kuwasha gesi. Akatengeneza taa ya namna hiyo, na mwezi wa Januari 1816 ikajaribiwa katika mgodi wa Hebburn. Mwaka ule ule wa 1815 George Stephenson, fundi wa mitambo aliyekulia migodini, alitengeneza taa yake ya usalama kwa akili yake mwenyewe, na watu wakagombana sana juu ya nani wa kwanza. Davy hakutaka haki ya kuiuza peke yake. Taa hiyo ilikuwa na faida nyingine pia: penye gesi, mwali wake ulivaa kilemba cha rangi ya samawati, na mchimbaji mwenye ujuzi aliweza kukadiria wingi wa gesi kwa kutazama urefu wa kilemba hicho.

Msomaji atadhani ya kuwa tangu siku hiyo vifo vilikwisha. Havikwisha. Kwa sababu ya kuwa na taa, wenye migodi wengi walifungua tena sehemu zilizoachwa kwa hatari, wakawapeleka watu ndani zaidi, wala hawakuongeza hewa kwa kadiri ile ile. Mwaka 1835 baraza la Bunge la Uingereza lilipochunguza ajali za migodi, lilikuta ya kuwa watu waliendelea kufa kwa wingi. Taa humwonya mtu ya kuwa gesi ipo, haiiondoi. Waya ukitoboka, au upepo mkali ukisukuma mwali, taa yenyewe huwa adui. Chombo kipya kisipofuatana na bidii ya zamani humpa mtu ushujaa asiostahili kuwa nao.

Somo la njia mbili lilikuja kwa uchungu tarehe 16 Januari 1862 katika mgodi wa Hartley. Mgodi huo ulikuwa na shimo moja tu, lililogawanywa kwa mbao, upande mmoja hewa ishuke na upande wa pili ipande. Siku ile boriti kubwa ya chuma ya mtambo wa kuvuta maji ilivunjika, ikatumbukia shimoni, ikaangusha mbao na mawe na kuziba njia. Watu walio chini hawakuuawa na mlipuko. Walingoja. Wenzao walichimba usiku na mchana kuwafikia, lakini hewa ya chini iliharibika, wakakutwa wamekaa pamoja kama waliolala, baba na wana. Waliokufa walikuwa 204. Mwaka huo huo Bunge lilitoa sheria ya kuwa kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea. Mbao za katikati zilikuwa kama ile karatasi katika kioo chetu: zilifaa hata siku zilipoanguka.

Baada ya hayo tanuru ziliachwa kidogo kidogo, na mapangaboi makubwa ya mvuke yakashika kazi. Katika miaka ya 1860 pangaboi la Théophile Guibal, aliyefundisha katika mji wa Mons huko Ubelgiji, lilienea katika migodi mingi. Hata leo kanuni ni ile ile, ila mapangaboi huendeshwa kwa umeme. Kwa kawaida pangaboi huwekwa juu, kwenye shimo la kutokea, likavuta hewa mbaya. Na hewa safi huingia kwa njia ya pili, ikaongozwa kwa kuta na milango hata mahali pa kuchimba. Pale mwisho pasipo na njia ya kupitia, hewa hupelekwa kwa mfuko mrefu au bomba lenye pangaboi dogo.

Mwaka 1906 dunia ilijifunza ya kuwa gesi si adui pekee. Tarehe 10 Machi mgodi wa Courrières, katika Ufaransa, ulilipuka, wakafa watu 1,099. Vumbi la makaa lililokuwa likielea na kulala njiani ndilo lililoubeba moto kutoka chumba hata chumba. Siku 20 baadaye watu 13 walitokea wakiwa hai, waliokuwa wakipapasa gizani muda wote huo. Tangu siku hizo vumbi la makaa hunyunyiziwa maji, na njiani humwagwa unga wa mawe ya chokaa ili moto usipate chakula.

Naye daktari John Scott Haldane, mwaka 1896, alionyesha ya kuwa wengi wanaokufa katika milipuko hawauawi na moto bali na gesi ya sumu inayofuata, iitwayo monoksidi ya kaboni. Akashauri wachukuliwe ndege wadogo chini, kwa maana ndege huishiwa nguvu kabla ya mtu, naye mtu hupata nafasi ya kukimbia. Katika Uingereza ndege hao walitumika hata mwaka 1986, vyombo vya umeme viliposhika kazi yao.

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Wazee wa Tukuyu, Mbeya na Tunduma walizijua sana safari za kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba, iliyo Zambia leo, na ya dhahabu kule Afrika Kusini. Kusini ya Zambia, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, kuna mgodi wa makaa wa Wankie, au Hwange. Tarehe 6 Juni 1972 mgodi huo ulilipuka, wakafa watu 427, wenyeji pamoja na wageni waliotoka nchi za jirani kutafuta riziki. Sumu iliyojaa chini iliwazuia waokoaji, na hatimaye mgodi ukafungwa. Wengi wa wale waliokufa hawakutolewa. Shimo ndilo kaburi lao, na jamaa zao vijijini hawakupata hata udongo wa kutupia.

Basi siku hizi mgodi mwema hulindwaje? Vipimo hukaa chini na kusoma gesi saa zote. Katika Uingereza iliagizwa ya kuwa gesi ikifika sehemu 1 na robo katika 100, umeme ukatwe mahali hapo; na ikifika sehemu 2, watu waondoke. Tazameni ya kuwa hawakungoja sehemu 5. Katika migodi mingine gesi hunyonywa kwa mabomba kabla ya kuchimba, ikatumika kama kuni za kuwasha mitambo. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, methani iliyoyeyuka katika maji ya kina ya Ziwa Kivu huvutwa kwa mabomba, na tangu mwaka 2016 mtambo mmoja upande wa Rwanda hutoa umeme wa megawati 26 hivi. Gesi ile ile iuayo gizani huwasha taa ikitawaliwa.

Ndugu zetu wa Chitete, twamaliza kwa shauri la jirani. Kijana akienda kutafuta kazi katika mgodi wowote wa chini ya ardhi, na aulize mambo matatu kabla ya kuuliza mshahara: hewa yaingilia wapi, hewa yatokea wapi, na pangaboi likisimama watu hufanya nini? Akijibiwa ya kuwa njia ni moja tu, na arudi nyumbani. Shimo la makaa lililoachwa asiingie mtu, ajapokuwa ametumwa kumtafuta mbuzi, maana hewa iliyosimama humo huweza kuwa na gesi ya kulipuka juu na hewa isiyo na uhai chini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi ya Lupa nao wasishushe mashine ya petroli shimoni. Moshi wake una sumu ile ile ya Haldane. Na mtu aliyeanguka shimoni pasipo jeraha asifuatwe mbio na mwenziwe, kwa kuwa mara nyingi aliyemfuata naye huanguka juu yake.

Tena sumu hiyo haikai migodini tu. Usiku wa baridi ya milimani mtu hupenda kuingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha, akalala. Chumba hicho kimekuwa mgodi wa Hartley, nacho hakina njia hata moja. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, nanyi wanafunzi waambieni hivyo wazazi wenu kwa adabu, mkiwaonyesha mshumaa na kioo cha taa ikiwa hawajasadiki.